Kilowati 5 za sola zitatosha mabanda yetu ya yoga?

SWALI: Ndugu mhandisi, mimi na mume wangu tunajenga mahali pa mapumziko ya yoga na Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi, ya mafuta na mvuke) kando ya ziwa moja la kreta, si mbali na Fort Portal. Mabanda ni 8, wageni 16 tukijaza. Nguzo za umeme ziko mbali, na wala hatuzitaki. Muuzaji mmoja wa Kampala ametupa bei ya paneli za kilowati 5, inverta ya kilowati 5 (ya kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani) na betri za kilowati saa 10. Anasema zitabeba kila kitu: taa, friji 2, pampu, shawa za umeme, sanduku la mvuke na vyombo vya kupashia mafuta. Tumwamini?

JIBU: Dada, kwa taa, friji na pampu, mwamini. Kwa shawa na sanduku la mvuke, mkatalie.

Tuanze na kinachoingia. Upande wenu wa Rwenzori mawingu hayaishi, kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya saa 4 na nusu za jua kamili kwa siku, si zaidi. Paneli za kilowati 5 zitatoa kama kilowati saa 22. Ukitoa kinachopotea kwenye joto, vumbi, nyaya na inverta, mnabaki na 17 hivi. Hizo ni sawa na yuniti 17 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kama mmewahi kulipia umeme mjini. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikishika, kuna siku mtapata nusu yake au chini ya hapo.

Sasa kinachotoka. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunakula wati saa 1.16, na hakuna inverta ya bei yoyote itakayopunguza hiyo. Mgeni mmoja akioga lita 40, maji yakitoka nyuzi 20 kwenda 40, amekula karibu kilowati saa 1. Wageni 16 wamekula 15. Hapo hamjawasha taa hata moja, na hamjahesabu wale wanaooga mara ya pili baada ya kukandwa. Mafuta hayatoki mwilini kwa maji baridi. Isitoshe, shawa moja ya umeme yenyewe huvuta kilowati 4 hadi 5 ikiwa wazi. Wageni wawili wakifungua pamoja baada ya yoga ya asubuhi, inverta inazima na friji zinazima nayo.

Mvuke ni mbaya zaidi. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kilowati saa 0.7, ukijumlisha na kuyafikisha kwenye kuchemka. Mgeni mmoja kwenye sanduku akimaliza lita 2, umetumia kilowati saa 1.4 kwa mtu mmoja. Chemsheni kwa gesi au kwa jiko la kuni lililokaa nje ya ukuta, bomba la mvuke likiingia ndani. Mgeni hataona tofauti yoyote.

Kinachonifurahisha ni mafuta, maana hapo wengi huogopa bure. Mafuta ya simsim yanahitaji karibu nusu ya joto la maji kwa uzito uleule. Lita 2 za kumiminia kwenye paji la uso, kutoka nyuzi 20 hadi 40, ni kama wati saa 20: balbu ya wati 5 ikiwaka saa 4. Hicho chombo chenu cha umeme kibakizeni. Ila kiwe na kidhibiti joto, kwa sababu mafuta yanayounguza mgongo wa mgeni ni kesi nyingine.

Matumizi yaliyobaki ni madogo. Taa 3 za wati 5 kwa kila banda, saa 5 kwa usiku, ni wati saa 600. Ukumbi, jiko na njia ongeza 400. Simu na kompyuta za wageni, 600 au 700. Friji 2 nzuri, kilowati saa 2. Pampu ya kupandisha lita 5,000 kutoka ziwani hadi juu mita 60, nyingine 2 hivi, na hiyo ifanye kazi mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli, mkihifadhi maji kwenye tangi badala ya umeme kwenye betri. Jumla haifiki 6. Kwa hiyo mfumo wa muuzaji unatosha na kubaki, hata siku za mawingu. Betri muulizeni ni za aina gani. Kama ni lithiamu, mtatumia 8 kati ya zile 10, zaidi ya usiku mbili. Kama ni za asidi au jeli, hesabuni 5 tu, la sivyo zitakufa mapema.

Maji ya kuoga yapasheni kwa jua lenyewe. Hita 2 za jua za lita 300 zinatosha, maana maji ya nyuzi 60 mtayachanganya na baridi nusu kwa nusu. Wageni wenu wataoga asubuhi, kabla jua halijafanya kazi, kwa hiyo wanaoga maji ya jana. Tangi liwe na kifuniko kizuri cha kuzuia joto lisitoke, mabomba yafunikwe pia, na yasiwe marefu. Wekeni na tangi la kuni pembeni kwa siku tatu za mvua mfululizo.

Kuhusu paneli, video nyingi za mtandaoni zitawaambia zitazame kusini. Hizo ni za Ulaya. Ninyi mko karibu kabisa na ikweta. Zilazeni nyuzi 10 hadi 15 ili mvua isafishe vumbi, upande si hoja sana. Hoja ni kivuli. Ukingo wa kreta huchelewesha jua la asubuhi, na kivuli cha mkaratusi mmoja juu ya paneli moja hushusha safu nzima iliyoungwa nayo. Mabanda yakae mitini, paneli zipelekeni kwenye mteremko ulio wazi.

Radi msizichukulie mzaha; mwaka 2011 iliua watoto wa shule Kiryandongo. Waya wa ardhi na vizuia mawimbi ya radi viwekwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, na viandikwe kwenye ankara.

Mwisho, chumba cha betri. Nimeona mahali kadhaa kimegeuzwa stoo ya mataulo, kwa kuwa ni pakavu. Mataulo yenye mafuta ya simsim yakirundikwa pakiwa na joto, mafuta hujichoma polepole na hewa hadi rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yafueni siku hiyohiyo kwa maji moto ya hita, yaanikeni yakiwa yametandazwa, na yaliyosubiri yakae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, nje.