Ukianzia chuo cha jamii Marekani, tangulia kusoma masharti ya chuo kikuu

Kila msimu wa matokeo ya KCSE napigiwa simu na mzazi anayetaka kujua kama chuo cha jamii ni chuo kweli au ni polytechnic ya kijijini iliyopewa jina la Kimarekani. Ni chuo. Unasoma miaka miwili, halafu unahamia chuo kikuu kumalizia shahada, na digrii yako inatoka kwa chuo kikuu hicho. Vingi havidai SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Ada ni nafuu, ila sisi wa F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, hulipa mara kadhaa ya anayolipa mkaazi wa jimbo, kwa hiyo bei ya kwanza utakayoona kwenye tovuti huenda si yako.

Nilisomea jimbo la Washington, kusini mwa Seattle. Kule mwaka umegawanywa kwa robo, na shahada ndogo ya miaka miwili ya chuo cha jamii ni krediti 90, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Wageni wengi huchukua masomo yoyote yenye nafasi ili mradi krediti zifike. Hapo ndipo pesa za mzazi huteketea. Kabla ya kujisajili, fungua ukurasa wa chuo kikuu unachokitaka, usome kozi yako inadai nini kwa wanaohamia. Anayelenga uhandisi, kwa mfano, anahitaji mfululizo wa hesabu unaoanza na kalkulasi ya kwanza, MATH& 151, na fizikia yake pia hufuatana, hii kabla ya ile. Ukikosa ya kwanza, unaweza kungoja robo kadhaa ifundishwe tena. Alama hiyo ya & si mapambo: inaonyesha kwamba somo linatambulika hivyo hivyo katika vyuo vya jamii vya jimbo zima.

Nenda kwa mshauri ukiwa na orodha yako mkononi. Wapo washauri wazuri sana, lakini anayehudumia foleni ya wanafunzi hawezi kukumbuka ndoto ya kila mmoja.

Viza nayo ina masharti yake. Lazima uwe na angalau krediti 12 kila robo, na katika hizo somo la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu. Hesabu zikikulemea, usiache somo kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ukishaliacha bila idhini yao, kulirekebisha ni shida.

Kuhusu kazi, utasikia mengi, hasa baada ya ibada ya Jumapili. Mtu atakuambia kuna zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na karatasi si hoja. Ni hoja. Mwaka wa kwanza unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Maktaba na kituo cha kufundishia wenzako hesabu ni mahali pazuri pa kuanzia, japo mshahara hautoshi kulipa ada, na mzazi aelewe hivyo mapema.

Chuo kikuu kikishakukubali, mtakubaliana na chuo chako tarehe ya kuhamisha rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Ichague kwa kalenda ya malipo: kibali cha kazi ya chuoni huisha siku hiyo hiyo rekodi inapohama, hata kama kodi ya nyumba inadaiwa wiki ijayo.