Breketi, mipira na matundu ya hewa: kufufua kiyoyozi cha gari la zamani

Swali: Mhandisi, shikamoo. Ninalifufua gari la marehemu baba, Mercedes-Benz 280E ya mwaka 1979, hapa Raskazone, Tanga. Kiyoyozi hakijafanya kazi kwa miaka mingi: breketi ya kompresa, yaani kishikizo kinachoifunga kwenye injini, imevunjika vipande viwili, mipira ya gesi imechanika, na matundu ya hewa ya dashibodi yamekatika. Vipuri sivipati hapa wala Dar es Salaam. Je, vinaweza kutengenezwa Tanga? Na gesi ya siku hizi itafaa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Vingi vinaweza kutengenezwa hapa, lakini si vyote. Kipuri kinachoshikilia kitu au kuelekeza hewa waweza kukinakili. Kipuri kinachobeba shinikizo la gesi ununue kilichotoka kiwandani, hata kama umbo lake halilingani kabisa na la awali. Kwa joto letu la Februari, upande wa shinikizo kubwa hufika baa 15 na kuzidi, kwa hiyo kondensa (inayopoza gesi mbele ya gari), evapoleta (inayopoza hewa ya ndani) na draya (chupa inayonyonya unyevu) si vitu vya kuungaunga kwa mtungi wa gesi ya kuchomelea. Vile vya zamani usivitupe, maana vipimo vyake utavihitaji.

Breketi ndiyo itakayokusumbua zaidi. Usimpe mkerezaji vile vipande viwili umwambie atoe mfano wake, kwa sababu aluminiamu mara nyingi hupinda kabla ya kuvunjika, na ukiunakili upinde huo mkanda utaliwa kila baada ya wiki chache. Vipimo vichukuliwe kwenye injini yenyewe: matundu ya bolti kwenye bloku, na mfereji wa mkanda kwenye puli ya krenki, ambao lazima ukae mstari mmoja na ule wa kompresa. Mimi hupendelea breketi ya bamba la chuma la milimita 10 lililochomelewa, kisha matundu yatobolewe baada ya kuchomelea, kwa kuwa moto hulivuta bamba. Ukitaka ionekane kama ya asili, isubiwe kwa aluminiamu. Hapo kalibu iwe kubwa kuliko kipuri kwa takriban asilimia 1.3, kwani aluminiamu husinyaa inapopoa. Kwenye urefu wa milimita 200 hiyo ni milimita 2.6, tofauti inayotosha kuzuia bolti isiingie. Tafadhali msisitize msubi asiyeyushe sufuria chakavu, ambazo aluminiamu yake ni laini mno, bali pistoni za zamani, zenye silikoni inayoifanya ijaze kalibu vizuri na iwe ngumu.

Matundu ya hewa ni kazi nyepesi. Gundisha moja lililo na nafuu, litolee kalibu ya mpira wa silikoni, kisha umimine plastiki ya poliyurethani inayostahimili joto. Ukichapisha kwa printa ya 3D, epuka plastiki ya PLA, inayolainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hulifikia bila shida. Tumia plastiki ya ASA, inayostahimili joto zaidi.

Gari lako lilitoka na gesi ya R-12, ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiweka katika orodha ya gesi za kuondolewa kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake, itafaa, ila haiingizwi moja kwa moja. Molekuli zake ni ndogo na hupenya mpira wa zamani, kwa hiyo vichwa vya asili vya kuungia mipira vitunzwe na vifungwe mipira mipya yenye tabaka la nailoni ndani. Mpira wa haidroliki usikubali, hata kama mashine ya kuubana ni ile ile. Mafuta ya zamani ya kompresa yasafishwe yote na nafasi yake ichukuliwe na ya esta, sili ya shafti ya kompresa na oringi zote (pete za mpira za kuzibia) ziwe za mpira wa HNBR, na draya mpya ifungwe mwisho kabisa, kwa sababu hewa ya pwani huijaza unyevu upesi.

Kupima uvujaji, tumia naitrojeni kavu yenye regyuleta. Oksijeni ya wachomeleaji isikaribie mfumo huo kamwe: ikikutana na mafuta kwenye shinikizo hulipuka. Baada ya hapo pampu ya kufyonza hewa ifanye kazi dakika 45 au zaidi, ifungwe, na geji itazamwe kama sindano inatulia.

Anza na asilimia 80 ya uzito wa gesi ulioandikwa kwa ajili ya R-12, kisha uongeze kidogo kidogo ukitazama geji. Kiasi utakachoishia, jina la gesi na aina ya mafuta uviandike kwenye kibandiko karibu na kompresa, ili fundi atakayefungua boneti baada yako asichanganye.