Sensa za upepo kwenye RV: ununue ipi, uiwekee namba gani

Kwenye RV (gari lenye nyumba ndani, la kulala safarini) ya matairi sita, tairi la kuliogopa ni lile usiloliona. Nazungumzia yale mawili ya ndani kwenye ekseli ya nyuma, yaliyobanana na wenzao. Tairi la mbele likipungua upepo, usukani unavuta upande na unajua mara moja. La ndani likipungua hakuna dalili yoyote. Mwenzake anabeba mzigo wa wawili, gari linatembea vizuri tu, redio inaimba, na huko nyuma matairi yote mawili yanachemka: moja kwa kukunjwakunjwa, jingine kwa kuelemewa. Mtu anakuja kustuka akiona moshi kwenye kioo.

Ndiyo maana kila ndugu anayeniuliza anunue nini kwanza baada ya kupata RV, namwambia TPMS, yaani zile sensa zinazopima upepo na joto la kila tairi na kukuonyesha kwenye skrini pale mbele. Tandiko na majiko baadaye.

Usidhani gari lako limekuja nayo. Sheria ya Marekani inalazimisha mfumo huu kwenye magari madogo yote kuanzia modeli ya 2008, lakini inaishia kwenye magari yasiyozidi pauni 10,000 (kilo 4,536), na inayaacha nje yenye matairi pacha nyuma. RV nyingi za Class C, zile za ukubwa wa kati zinazojengwa juu ya gari la mizigo, zimekaa juu ya Ford E-450 ambayo uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa ni pauni 14,500, kwa hiyo sheria haiigusi. Tena ile taa ya njano ya magari madogo inatakiwa kuwaka upepo ukishapungua asilimia 25. Kwa tairi la psi 80 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba), hiyo ni psi 60. Ukiwa umepakia vyombo, maji na watoto, psi 60 ni tairi lililokwisha kuumia.

Sasa, kabla ya kununua chochote, nenda kwenye mizani. Sensa haijui gari lako linahitaji upepo kiasi gani. Inajua namba uliyoiwekea wewe. Ndugu zetu wanaoendesha malori huku Marekani wanazifahamu mizani za CAT Scale zilizoko kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Pita pale ukiwa umejaza kila kitu kama unavyosafiri: tangi la maji, gesi, mafuta, na abiria wote ndani. Maji peke yake ni pauni 8.3 kwa galoni, na tangi la galoni 40 linakuongezea zaidi ya pauni 330. Utapata karatasi yenye uzito wa kila ekseli, halafu unalinganisha na jedwali la kampuni iliyotengeneza tairi lako. Tairi la saizi ya LT225/75R16, daraja la mzigo E, ambalo lipo kwenye Class C nyingi, linabeba pauni 2,680 likiwa peke yake na 2,470 likiwa pacha, yote kwa psi 80. Ekseli ya nyuma ya RV iliyopakiwa inakaribia kabisa hapo, ndiyo maana sishauri mtu apunguze upepo wa nyuma kwa kubahatisha eti safari iwe laini.

Kwenye kuchagua, watu wanabishana sana kuhusu skrini na rangi zake. Mimi naangalia valvu. Sensa nyingi unazifunga kwenye valvu mahali pa kifuniko, na zina uzito. Valvu ya mpira ikizungushwa na uzito huo mwendo mzima inachoka na kupasuka shingoni. Weka valvu za chuma kwanza, kisha sensa. Kwa matairi ya ndani utahitaji kurefusha valvu ili mkono ufike. Chukua mirija ya chuma kigumu, uachane na mipira ya kusukwa inayoning'inia na kusugua rimu. Kuna aina ya sensa zinazokuruhusu kujaza upepo bila kuzifungua, na kwa mwenye mgongo mbovu ni neema, ila ni ndefu na nzito zaidi. Za kufungwa ndani ya rimu zinapima joto kwa ukweli zaidi, kwa sababu zile za nje zinapulizwa na upepo wa njiani. Lakini betri ikiisha, lazima tairi livuliwe. Kwa safari za familia, ndogo za nje zinatosha. Ukivuta gari nyuma, nunua na kile kiboksi cha kuongeza nguvu ya mawimbi, na sensa nne za ziada.

Namba ziweke asubuhi, gari likiwa limelala na jua halijagusa tairi. Kengele ya chini mimi naiweka asilimia 10 pungufu ya upepo huo wa asubuhi, ya juu asilimia 25 zaidi. Kengele ya joto iache kwenye nyuzi 70 za Selsiasi.

Halafu jifunze kusoma hali ya hewa kwenye ile skrini. Chukua barabara kuu ya I-17 huko Arizona, kutoka Phoenix kupanda Flagstaff. Umejaza psi 80 asubuhi ya Phoenix yenye nyuzi 35, ukalala Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu, alfajiri ikawa nyuzi 5. Baridi imekula psi 9 hivi, mwinuko umerudisha mbili au tatu. Utakuta 73 au 74, na hakuna kilichovuja. Alama ya kuangalia ni usawa: yakishuka yote sita kwa pamoja, ni hali ya hewa, likishuka moja peke yake, lina tatizo. Na mchana matairi yakipanda hadi 90 na kitu ukiwa barabarani, usiyapunguze. Kupanda huko kumeshahesabiwa kwenye lile jedwali, na ukitoa upepo wa moto, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango.

Usawa huo ndio uliotusaidia tukiwa New Mexico kwenye I-40. Matano yalikuwa 88, 89, moja la ndani kulia likawa 84, baadaye 81. Kengele haikuwa imelia bado. Niliingia kituo kilichofuata, nikapaka maji ya sabuni, na povu likatoka shingoni mwa valvu: duka lililobadilisha tairi hilo lilirudisha valvu ya mpira. Valvu ya chuma ilimaliza kazi kwa chini ya saa moja.

Kengele ikilia kweli, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani, punguza mwendo taratibu, toka barabarani mahali tambarare. Ukikuta tairi limeshuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 64 kwa tairi la 80, na umeshatembea nalo, usilijaze ukaendelea na safari. Nyuzi za ndani zinaweza kuwa zimekatika, na likijazwa linaweza kupasukia usoni mwa anayejaza. Lifunguliwe na fundi alikague ndani, na umwambie akague na pacha lake pia, maana ndilo lililobeba mzigo wote wakati huo. Wakati yuko hapo chini, mwombe akusomee tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zimegeukia upande wa ndani, na sensa haiwezi kukwambia umri wa tairi.