Hivyo vitone umepewa na nani?

Wadogo zangu mnaoanza kusaidia kwenye miradi ya sanaa ya jamii hapa Melbourne, mimi nimekuwa msaidizi wa wachoraji wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, miaka sita sasa. Kazi yenyewe zaidi ni kubeba ndoo na kuosha brashi. Kosa langu kubwa nililifanya wiki ya kwanza, nawasimulia ili msilirudie.

Tulikuwa tunachora ukuta wa ukumbi wa jamii. Nikapewa upande mmoja niujaze rangi ya udongo mwekundu, basi. Nikaona pamekaa patupu, nikachukua kijiti nikaanza kupiga vitone vyeupe, mstari baada ya mstari, najisifu kimoyomoyo. Mama mmoja akaweka kikombe chake cha chai chini, akaja kusimama ubavuni mwangu. (Wazee wa kike huitwa Anti, wa kiume Anko, hata kama hamna undugu. Aliyelelewa kwa shikamoo hapati tabu.) Hakugomba. Aliuliza tu: "Hivyo vitone umepewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilishinda nikivifuta mpaka jioni, na niwaambie, kitone kikikauka kina mgongo. Kupaka rangi mara moja hakukifichi.

Vitone vinavyojulikana dunia nzima ni vya uchoraji wa jangwani, uliovuma baada ya wanaume wa Papunya, makazi ya Waaborijini katikati ya Australia, kuanza kuchora kwenye vibao mwaka 1971. Huku kusini-mashariki, ilipo miji ya Melbourne na Sydney, wenyewe wana mistari sambamba na maumbo ya pembe nne kama tiara, yaliyochongwa kwenye miti na ngao na kuchorwa upande wa ndani wa majoho ya ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini. Joho moja la mwaka 1872, la kutoka Lake Condah katika jimbo hili la Victoria, liko makumbusho hapa Melbourne. Kwa kulitazama hilo na jingine la zamani zaidi, wasanii wa Kiaborijini Vicki Couzens, Treahna Hamm na wenzao waliifufua kazi ya majoho, na mwaka 2006 wazee waliyavaa kwenye ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Sasa mchoraji aliyezaliwa mjini huambiwa na wanunuzi: mbona kazi yako haina vitone, wewe ni Mwaborijini kweli? Ni kama kumwambia Mdigo avae shuka la Kimasai ndipo watalii wamwamini. Uchovu wa maneno ya namna hiyo ulichangia wasanii kumi wa Sydney kuanzisha ushirika wa Boomalli mwaka 1987. Jina lina maana ya kupiga, kuacha alama. Reko Rennie, msanii wa kabila la Wakamilaroi aliyekulia Melbourne, huchora maumbo ya tiara ya watu wake kwa rangi kali za mtaani. Kwa hiyo usimuulize mtu yeyote ana damu ya Kiaborijini kiasi gani. Muulize anatoka ardhi ya nani, kisha nyamaza usikilize.

Fedha. Mzee akija kusimulia, hiyo ni kazi, na malipo yake yaandikwe kwenye bajeti kabla ya rangi. Muundo nao una wenyewe: noti ya dola moja ya Australia ya 1966 ilibeba mchoro wa David Malangi, mchoraji wa Arnhem Land kule kaskazini, bila yeye kuulizwa, akaja kulipwa baadaye. Picha za simu, omba ruhusa. Jina la marehemu, subiri wenyewe walitaje.

Chai msiikimbie. Nilidhani tunapoteza muda, kumbe mchoro wote ulikuwa unapangwa pale mezani.

Wiki ya nne Anti yule alichora mistari ya mto kwa chaki, mkono wake ukitetemeka kidogo kwenye kona, akanipa brashi. "Fuata chaki," akasema. Nikafuata, na pale ilipotetemeka nikatetemeka nayo.