Englebert kwenye ule mchoro si mtu

Kuna kaka ameuliza huyo "Englebert" aliyeandikwa kwenye mchoro wa ukutani wa TP Mazembe, timu ya soka ya Lubumbashi, Kongo (DRC), ni nani. Hapana kaka, Englebert si mmisionari wala kocha wa Kibelgiji. Ni chapa ya matairi. Kampuni hiyo ilikuwa ya Liège, Ubelgiji (hata magari ya mbio ya Ferrari miaka ya 1950 yalivaa tairi zake), na ilipoidhamini timu, jina likahamia kwenye timu yenyewe. Kwa hiyo TP Mazembe yetu ilibeba kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa TP Englebert. Wamisionari wamo kwenye hadithi, ila mwanzoni kabisa: Wabenedikto (watawa wa Kikatoliki) waliianzisha timu 1939 kwa jina la Saint-Georges.

Mimi nachora mabango ya mashabiki hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, na nililijua hili kwa aibu. Nilimchora mzee wa kizungu mwenye ndevu, nikaandika "Englebert" chini yake. Mzee jirani akaja, akatazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaninyang'anya burashi na kuchora tairi juu ya zile ndevu. Tairi lenyewe lilitoka kama mandazi, lakini ujumbe nilishika.

Jambo moja tu kwa aliyechora ule ukuta: weusi na weupe wa timu uko sawa, mamba wa nembo yake mwenye mpira mdomoni pia, ila nembo ya mdhamini wa sasa kifuani kwa mchezaji wa 1967 ifute.