Choo chenye kufuli la nje

Mhariri, salamu.

Wiki hii mmeuliza: "Baada ya mafuriko, familia ya kijijini ijengewe choo na wafadhili au ijijengee yenyewe?" Swali hilo nimelisoma kwenye simu nikiwa ndani ya shimo la choo, sitanii, shimo la bwana mmoja hapa Mtopanga, Mombasa, futi kumi na moja kwenda chini, nikimngoja kijana wangu ateremshe ndoo. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nachimba, najengea kuta kwa mawe ya matumbawe, namwaga sakafu, nalipwa nusu, nusu nyingine naahidiwa. Nisameheni basi nikiandika kirefu.

Jibu lililonijia pale pale shimoni ni hili: wajijengee. Nimeviona vyoo vya msaada vilivyogeuzwa stoo ya makaa, banda la kuku, hata chumba cha kuogea maiti, kabla hajaingia mtu hata mmoja kujisaidia mle. Cha bure hakina mwenyewe. Na si mimi peke yangu nisemaye hivyo. Kuna ile njia iliyoanza Bangladesh karibu na mwaka 2000, aliyeianzisha ni Mhindi mmoja, Kamal Kar. Hutoi hata mfuko mmoja wa saruji. Unawakusanya wanakijiji, wanachora kijiji chao chini kwa majivu, wanaonyesha kila mtu anakokwenda asubuhi, halafu mnatembea mpaka huko mkaone na mkanuse. Aibu inafanya kazi iliyobaki. Huku kwetu Pwani ilifika mapema: Jaribuni, kule Kilifi, ni kati ya vijiji vya mwanzo Kenya kutangaza kwamba hakuna tena anayekwenda kichakani, mwaka 2007.

Ila swali lenu limeruka jambo. Kabla ya kuuliza nani ajenge, mngeuliza nani ataingia mle ndani, na baada ya nani.

Mto Sabaki mnaujua. Juu kule unaitwa Athi na unapokea maji machafu ya Nairobi, ukivuka Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho vinavyoleta maji Mombasa vimechimbwa kandokando yake. Kwa hivyo ukifura, watu wa kando ya mto wanahama na watoto mgongoni, sisi wa Mombasa mifereji inakauka, na mwenye mkokoteni anapandisha bei ya mtungi kabla mvua haijaanuka. Mto ni mmoja, tabu tunagawana, japo si sawasawa.

Mvua za masika ya 2018 zilipopungua nilikwenda kwa mama mdogo, njia ya Garashi, kando ya mto huo. Watu ndio kwanza wanarudi kutoka mwinukoni. Nyumba mbili zilibaki fito tupu, udongo wote umeyeyuka. Choo hakikuwepo. Palikuwa na kidimbwi cha mviringo, maji rangi ya chai ya maziwa, juu yake linaelea lapa moja la mtoto. Wa mjini hawalifikirii hili: choo cha shimo kikijaa maji, kilichokuwa ndani kinatoka. Kinakwenda kisimani, shambani, mpaka mlangoni. Ukirudi nyumbani baada ya mafuriko unarudi juu ya choo cha jirani yako, na yeye juu ya chako.

Haukupita muda likaja shirika, jina nalihifadhi, na sisemi walikuwa watu wabaya. Walileta ndoo zenye bomba, mitungi ya lita ishirini, vipande vya sabuni, dawa ya maji. Kisha wakajengea boma zima choo kimoja: nguzo nne, turubai, mlango wa bati wenye pete ya kufuli kwa nje, na sakafu ya plastiki, nyepesi, ina mahali pa kuweka miguu na kifuniko. Sisi tuliokuwa pale tuliicheka ile plastiki. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana mimi ni mtu wa zege. Kijana mwenye daftari akahesabu watu wa boma, akapata kumi na tisa, akafurahi. Viwango vya kimataifa vya misaada, vile vinavyoitwa Sphere, vinataka choo kimoja kisizidi watu ishirini. Akapiga picha, akaondoka.

Kumi na tisa kwa daftari. Lakini kwa Wagiriama wa mtindo wa baba mdogo, mzee na mkaza mwana wake hawaingii choo kimoja. Wengi wameshaacha, najua, na mjini hatuna hiari: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina choo kimoja na foleni ni ile ile. Kule bado. Baba mdogo aliingia alfajiri ya kwanza, na kwa kuingia kwake wakaza mwana watatu wakawa wametolewa. Hakuna aliyesema neno. Siku ya tatu mzee akanunua kufuli, akasema choo hiki kizuri tukiweke kwa wageni. Ufunguo akaufunga kwenye kipande cha lapa kuukuu ili usipotee, akautundika msumarini mlangoni pake. Niambieni, mke wa mtu atakwenda vipi kwa baba mkwe kumwomba ufunguo wa choo? Wakawa wanangoja magharibi, wanakwenda upande wa mto wawili wawili, mto wenye mamba na viboko, nyasi zimejaa nyoka waliokimbia maji. Na kule daftarini, boma letu lina choo.

Mama mdogo akaniita kando. "Mwanangu, si wewe huchimba vyoo vya watu Mombasa? Chimba na chetu."

Hapo ndipo nilipojua kuwa sikuwa fundi kama nilivyodhani. Nilichagua pahala nyuma ya mkorosho, pameinuka kidogo. Futi ya kwanza na ya pili, safi. Futi ya nne ukuta wa mchanga ukaanza kumwagika kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Nikichota ndoo moja, zinaingia mbili. Nikatoka, nikaanza upya pembeni. Vile vile. Nikamwambia mama mdogo panahitajika mawe mia mbili ya matumbawe na mifuko sita ya saruji, yaani pesa ambayo boma lile halijaishika tangu maji yaingie. Akanitazama. Akaniuliza kama nimewahi kuona mgono.

Mgono si ule mtego wa samaki wa kufuma, mrefu, mdomo mpana? Akaniambia fuma mgono wa ukubwa wa shimo, uteremshe, mchanga utakaa nyuma yake. Wale wakaza mwana watatu wakakata fito, mama mdogo akakaa chini ya mkorosho akapiga mduara wa kwanza kwa kamba za makuti, wakaanza kupanda: fito za kusimama, fito za kulala, ndani, nje, ndani, nje, kama vile wanavyofuma ukuta wa nyumba kabla ya kukandika. Siku moja na nusu. Mimi nilikuwa nashika tu pale ninapoambiwa nishike. Tukauteremsha ukiwa umekaza, nikachimba nikiwa ndani yake, nao ukawa unashuka pamoja nami kidogo kidogo. Sijawahi kufanya kazi nyepesi namna ile kwenye mchanga. Futi sita nikapata unyevu, nikasimama. Vitabu vinataka mita moja na nusu kati ya kitako cha shimo na maji ya chini. Sisi hatukuwa nayo, sitadanganya, ila kisima kilikuwa mbali, upande wa juu. Badala ya kwenda chini tukaja juu: mgono tuliuacha utokeze futi tatu juu ya ardhi, tukaukandika nje kwa udongo wa kichuguu, tukajaza kifusi kuuzunguka mpaka ukawa kama kilima, ngazi nne za kupandia. Maji yakija tena yapite chini yake. Juu magogo ya mkorosho, udongo, tundu, kifuniko cha mbao. Watoto wakakiita ghorofa.

Nimekaa sana hapo, nafahamu. Yaliyobaki nayapitia mbio.

Ya sabuni: tulitundika mtungi mdogo wa kukanyagia kamba, ule kibuyu chirizi, na sabuni pembeni. Sabuni ya kwanza iliibiwa na kunguru, ya pili pia. Msicheke, kunguru wa Pwani hubeba sabuni. Ya tatu tukaitia ndani ya soksi tukaifunga kwa kamba, ikadumu. Ilipokwisha wakatumia majivu, na majivu yanasafisha.

Ya maji: kifuniko kimoja cha dawa kwa mtungi wa lita ishirini, nusu saa ndio unywe. Hayo yaliandikwa kwenye chupa. Jambo ambalo hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza ni kwamba maji ya mto yenye tope huila dawa yote kabla haijaua kitu. Yaache yatuame, yachuje kwa leso iliyokunjwa mara nne, na bado tia vifuniko viwili. Mama mdogo alilalamika yananuka bwawa la hoteli, akawa anampa mzee yaliyotiwa dawa na yeye anakunywa ya kisimani.

Mpaka hapa mnadhani nawaletea ushahidi wa jibu langu: waache, watajijengea, wana akili kuliko mafundi. Nilitaka iwe hivyo. Lakini ghorofa letu mchwa walianza kulila mwaka wa pili. Mwaka wa tatu gogo moja likavunjika, mguu wa mjukuu ukaingia mpaka pajani. Hakuumia, alilia tu, lakini tangu siku hiyo watoto wote wakakataa kupanda, na mtoto akikataa choo hana pa kwenda ila nyuma ya nyumba. Mwaka 2021 baba mdogo akafariki. Baada ya arubaini wakaza mwana wakachukua ufunguo msumarini, wakafungua kile choo cha wageni, wakang'oa ile sakafu ya plastiki niliyoicheka, wakaibeba kichwani mpaka shimo jipya juu zaidi. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipokuja, wakaing'oa tena wakahama nayo, na maji yalipopungua wakairudisha. Kipindupindu kilichokuwa kikizunguka nchini tangu mwishoni mwa 2022 hakikuingia boma lile. Sisemi ni kwa sababu ya plastiki. Nasema tu kwamba zege langu lisingebebeka kichwani.

Kwa hivyo nabadilisha jibu, na nalibadilisha kwa shingo upande. Wapewe sakafu. Shimo wachimbe wao, mahali wachague wao, kuta wafume wanavyojua, lakini sakafu inayosafishika na inayohamishika wapewe, na wapewe zaidi ya moja kwa boma, hata kama daftari linasema moja inatosha. Mjane, asiyeona, mwenye magoti mabovu, hao wajengewe kila kitu bila kuwapa darasa. Na haya yote ni ikiwa watauliza kwanza nani haingii baada ya nani. Wasipouliza narudi kwenye jibu langu la shimoni. Tena mimi si wa kusikizwa sana: kisima changu hapa Mtopanga kiko hatua kumi na mbili kutoka choo cha jirani, wakati inashauriwa mita thelathini, na hatujawahi hata kupigwa na mafuriko tukapata kisingizio.

Nilipomaliza kuandika hapo nilimpigia simu mke wa binamu yangu mkubwa, mmoja wa wale wakaza mwana, nimuulize kama naweza kuyataja haya. Akasema niyataje, ila niongeze moja. "Shemeji, mlango wa wale watu wa shirika tulihama nao pia. Kufuli la nje tumekuwa nalo tangu siku ya kwanza. La ndani hatujapewa." Miaka yote hiyo wanafunga mlango kwa ncha ya leso, wameshika kwa mkono mmoja. Kitabu kile kile cha watu ishirini kwa choo kinasema mlango ufungike kwa ndani. Na mimi, fundi, nimekaa mle mara ngapi nikiwatembelea, sikuona. Mwanamume anakohoa tu, watu wanajua kuna mtu.

Jana nimepita Kongowea nimenunua komeo tatu na skrubu zake. Gari la Malindi napanda Ijumaa.

Msomaji wenu, Mtopanga