Ploti ikiangukia kwenye kinamasi, ifuate hukohuko

Kila anayeniuliza habari za kupima misitu ya eneo lake huanza na satelaiti. Nipakue picha zipi? Programu ipi ni nzuri? Si maswali mabaya, ila mimi humrudisha nyuma kidogo: unataka kujua nini, na kwako wewe msitu ni kitu gani? Wengi hucheka. Msitu si ndio ule pale, unauona kwa macho?

Haya, tuangalie. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huita msitu ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti ya zaidi ya mita 5 ambayo majani yake yanafunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo, au miti inayoweza kufikia viwango hivyo palepale ilipo. Makubaliano ya Marrakesh ya mwaka 2001, ya kutekeleza Itifaki ya Kyoto ya tabianchi, yaliziachia nchi zijichagulie: ufunikaji wa asilimia 10 hadi 30, kimo cha mita 2 hadi 5, eneo la hekta 0.05 hadi 1. Chukua nyika yenye miti iliyotawanyika. Ukiipima kwa asilimia 10 una msitu mkubwa. Ukiipima kwa 30, msitu wote umetoweka bila shoka kuinuliwa.

Isitoshe, tafsiri ya FAO ya neno msitu inatazama matumizi ya ardhi, si kijani kilichoko juu yake. Shamba la michikichi si msitu hata likiwa limefunga giza. Shamba la mipira ni msitu. Eneo lililovunwa mbao juzi na linasubiri kuota au kupandwa upya linabaki kuwa msitu, ingawa leo hakuna mti hata mmoja uliosimama. Satelaiti haijui lolote kuhusu matumizi. Yenyewe inapokea mwanga uliorudi kutoka kwenye majani, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kukuletea ramani safi kabisa ya kitu ambacho hukukiomba.

Kwa hiyo kabla hujapakua chochote, andika tafsiri yako kwenye ukurasa mmoja. Kisha tafuta picha za maeneo yenye utata, kama vile mashamba yenye miti mingi, vichaka virefu, mianzi, mikoko, kingo za mito na misitu iliyoungua. Wape watu watatu wa kikosi chako wazipange kila mmoja peke yake: huu msitu, huu si msitu. Wakitofautiana, tafsiri haijakamilika. Zoezi hili huchukua asubuhi moja, na nimeona likizima mabishano ambayo yangeibuka wakati ripoti iko mezani na fedha zimeshakwisha.

Jambo la pili linawaudhi wachora ramani, nami naomba radhi mapema: ukubwa wa msitu hautoki kwenye kuhesabu pikseli, vile vijiraba vinavyounda picha ya satelaiti. Tuchukue mfano wa eneo la hekta 1,000,000. Ramani inasema hekta 100,000 ni msitu. Unakagua kwa pointi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, unakuta kwamba pale ramani iliposema msitu, asilimia 90 ni msitu kweli. Pale iliposema si msitu, ilikosea kwa asilimia 5 tu. Ramani nzuri, sivyo? Usahihi wake kwa jumla ni asilimia 94.5, na mwenye nayo atautangaza kwa herufi kubwa. Sasa piga hesabu. Asilimia 90 ya 100,000 ni 90,000. Asilimia 5 ya zile 900,000 zilizobaki ni 45,000. Msitu halisi ni hekta 135,000. Ramani sahihi kwa asilimia 94.5 imekosa zaidi ya robo ya msitu wote, kwa sababu kosa dogo kwenye eneo kubwa huzaa hekta nyingi. Tarakimu ya eneo itoke kwenye zile pointi za ukaguzi, na iandikwe pamoja na kiasi inachoweza kupanda au kushuka. Ramani ibaki na kazi yake, ambayo ni kuonesha msitu uko wapi na kukusaidia kugawa eneo katika makundi kabla ya kupanga ploti, yaani vipande vidogo vya ardhi ambavyo miti yake hupimwa kwa niaba ya eneo lote.

Nikija kwenye ploti zenyewe, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila kikosi kipya. Ploti hupangwa ofisini, kwa gridi iliyoanzia mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu. Hazijui barabara iko wapi. Moja itaangukia msitu mnene, nyingine korongoni, nyingine katikati ya shamba la mtu. Picha hii naijua vizuri: kikosi kimetembea tangu alfajiri, GPS inasema zimebaki mita 140, na mbele yao ni kinamasi cha maji ya kiunoni. Kando yake pana ardhi kavu yenye miti mizuri, imenyooka, inapimika. Hakuna bosi anayewaona. Mmoja anasema, tupime hapa, tofauti iko wapi?

Tofauti ni kwamba kinamasi hakitapimwa na yeyote. Kila kikosi kitasogea kuelekea pakavu, na eneo zima litaonekana lina miti mizuri iliyonyooka. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipungui kwa kuongeza ploti. Ukipima ploti chache zilizosogezwa unapata jibu potofu; ukipima maelfu zilizosogezwa unapata jibu lilelile, sasa ukiwa na uhakika nalo. Ikiwa kweli ploti haifikiki, yaani ni jabali, au mwenye ardhi amekataa, iandikwe hivyo, na sababu yake, na usiibadilishe kwa ya jirani. Na ploti iliyofikiwa ikakutwa haina mti hata mmoja, andika sifuri. Fomu iliyoachwa tupu na fomu yenye sifuri ni vitu viwili tofauti. Mchambuzi akikosa kuvitofautisha atazitupa zote, na wastani wako utapanda bila sababu.

Kuna usogezaji mwingine wa kistaarabu zaidi. Chini ya majani mazito GPS ya mkononi huyumba kwa mita kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10. Mtu anazunguka nayo huku na huku mpaka ikubali kusema amefika, na mara nyingi inakubali penye uwazi, maana huko ndiko inakopata mawimbi vizuri. Dawa yake ni rahisi. Ukiwa umebakiza kama mita 20 au 30, simama. Soma mahali ulipo kwa dakika kadhaa upate wastani, piga mwelekeo na umbali uliobaki, kisha maliza kwa dira na futikamba. Futikamba inapoishia ndipo katikati ya ploti, hata kama ni juu ya kichuguu.

Ploti ninayopenda ni ya miduara iliyo ndani ya mingine. Katika mduara wa nusu kipenyo cha mita 15 unapima miti yenye kipenyo cha kuanzia sentimita 20. Ndani ya mita 10, kuanzia sentimita 10. Ndani ya mita 5, kuanzia sentimita 5. Na ndani ya mita 2 hata vijiti vya sentimita moja. Huokoa muda mwingi, lakini angalia hesabu yake. Mti mmoja kwenye mduara wa mita 15 unasimama badala ya miti 14 hivi kwa hekta. Kijiti kimoja kwenye mduara wa mita 2 kinasimama badala ya karibu 800. Kwa hiyo pale mpakani msikadirie kwa macho. Futikamba ivutwe mpaka katikati ya shina: katikati ikiwa ndani, mti uko ndani; ikiwa nje, uko nje, hata kama ni mti wa thamani uliowapendeza wote.

Mteremko nao una hila zake. Umbali wa ploti ni wa usawa, kama unavyoonekana kutoka juu. Penye mteremko wa nyuzi 30, mita 15 za usawa ni mita 17.3 za kutembea kwenye ardhi. Usiporekebisha, ploti yako inapungua eneo kwa asilimia 13 na mlima wote unaonekana una miti michache kuliko iliyopo.

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kata fimbo ya urefu huo, usitegemee kifua chako, vifua havilingani. Mimea inayotambaa inuliwe, tepu ipite chini yake. Mti wenye mizizi mipana iliyopanda shinani hupimwa juu ya mizizi hiyo, na kimo kilichotumika kiandikwe. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, eneo la mkato wa shina umelikosea kwa asilimia 21. Halafu kuna tepu mbili zinazofanana: moja inasoma mzingo, nyingine imeshagawanywa ili isome kipenyo moja kwa moja. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha 30. Mwandishi akijaza 94 kwenye safu ya kipenyo, mti huo umekua karibu mara kumi kwa eneo la shina. Kikosi kiwe na aina moja tu ya tepu, nyingine ibaki nyumbani.

Vimo pima vya miti michache iliyochaguliwa kwa utaratibu, si ile inayoonekana vizuri. Simama mbali angalau sawa na urefu wa mti. Ukisogea karibu na mti wenye majani mapana, unachokilenga ni ukingo wa majani wala si kilele, na mti unarefuka kwenye karatasi.

Kuhusu majina ya miti, usibane matumizi. Mtafute mtu wa hapo anayeijua, mlipe kama mtaalamu kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini ujue kwamba jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi kadhaa, na spishi moja huweza kubadili jina ukivuka mto. Kila jina jipya likikutokea, kata tawi lenye majani, maua au matunda kama yapo, libanwe kwenye magazeti, lipelekwe kwa mtaalamu wa mimea. Uzito wa mbao hutofautiana sana kati ya spishi, na kiasi cha kaboni utakachotangaza kinategemea uzito huo.

Unahitaji ploti ngapi? Inategemea msitu unavyobadilikabadilika, ndiyo maana hupimwa chache za majaribio kwanza. Jambo la kuweka akilini unapoomba bajeti ni kwamba kupunguza kosa la sampuli kwa nusu kunahitaji ploti mara nne. Mara nyingi fedha hizo zingefaa zaidi kwenye kikosi cha pili kinachorudi bila taarifa kupima upya angalau ploti moja katika kila kumi. Vikosi vikijua hilo linafanyika, hata zile tisa nyingine hupimwa vizuri.

Satelaiti sijaisahau. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake zote ni bure. Pikseli zake za kawaida leo ni za mita 30. Sentinel-2, iliyoanza mwaka 2015, inafika mita 10. Ushauri wangu hapa ni mfupi: angalia msimu. Msitu unaopukutisha majani wakati wa kiangazi huonekana kama ardhi tupu, na nyasi mbichi za masika hujifanya msitu. Tumia picha za misimu yote miwili. Penye mawingu ya kudumu, rada hupenya, ila kwenye msitu mzito hufika mahali ikashindwa kutofautisha mkubwa na mkubwa zaidi. Leza ya GEDI, chombo cha NASA kilichofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwishoni mwa 2018, hupima vimo vizuri, lakini kwa madoa ya mita 25 yaliyoachana, si ardhi yote. Vyote hivi vinahitaji ploti za chini ili visemeshwe. Norwei ilianza kupima misitu ya taifa zima mwaka 1919, Ufini 1921, Uswidi 1923, na chombo cha angani hakikuwepo hata kimoja. Walitembea kwa mistari iliyonyooka wakipima walichokikuta.

Ukitaka kujua msitu unakwenda wapi, acha baadhi ya ploti ziwe za kudumu. Zisionekane. Ploti yenye rangi nyekundu kila mti itatunzwa kuliko msitu unaoizunguka, au itakatwa kwa hasira, na kwa vyovyote haitawakilisha tena chochote. Fukia kipande cha chuma katikati, kitakachotafutwa kwa kifaa cha kunasa chuma, na chora mwelekeo na umbali kutoka kwenye miti au mawe matatu. Marekani, ambao data zao za ploti ziko wazi kwa umma, huvuruga kidogo viwianishi, yaani namba zinazoonesha ploti ilipo, kabla ya kuvitoa. Fanya vivyo hivyo.

Fomu za msituni nazo zisitupwe baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Piga picha kila ukurasa, na faili la kwanza lisiguswe. Usafishaji ufanyike kwenye nakala. Miaka ikipita mtarudi kupima tena, na mti namba 7 uliokuwa na sentimita 31 utasoma 28. Fomu ile ya kwanza ndiyo itakayowaambia kama kuna mtu alipitisha tepu juu ya mtambaazi, au kama mwandishi aliandika tatu badala ya mbili.